Saa za Tiketi na Saa za Safari: Kutoka Nairobi Hadi New York

Somo la hesabu kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, na kiongozi wa darasa aandike ubaoni tarakimu tutakazozitaja. Mwenye chungwa moja na kipande cha uzi aviweke karibu, maana tutavitumia.

Leo twataka kupima safari ya ndege kati ya miji miwili iliyo mbali sana, Nairobi katika Kenya na New York katika Marekani. Pengine mmoja wenu atauliza, "Mimi sina safari ya New York. Hesabu hii yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu. Siku hizi katika vijiji vingi hakosekani mtu mwenye mtoto, ndugu au jirani aliyeko ng'ambo. Siku moja habari hufika: "Nakuja. Nipokeeni uwanjani." Pamoja na habari hiyo huja tiketi yenye tarehe na saa. Asiyejua kuisoma aweza kukodi gari kutoka kijijini akafika uwanjani siku moja kabla ya mgeni. Na msafiri mwenyewe aweza kufika uwanjani siku moja baada ya ndege kuondoka, pengine na nauli ikapotea. Basi hesabu ya leo si mchezo. Ni hesabu ya fedha na ya watu.

Neno moja, kazi mbili

Kabla ya yote, tulitazame neno "saa". Neno hili lina kazi mbili. Tukisema, "Mkutano utaanza saa tatu," twataja wakati wa siku. Tukisema, "Mkutano ulichukua saa tatu," twataja muda, yaani urefu wa kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Katika mazungumzo ya nyumbani hatukosei. Katika mambo ya safari watu hukosea sana.

Kwa hiyo katika somo hili tutafuata kanuni moja. Tukitaja urefu wa safari tutasema "muda wa saa" kadhaa. Tukitaja wakati ulioandikwa katika tiketi tutaandika tarakimu zenye nukta mbili katikati, kama hivi: 14:30. Andikeni kanuni hiyo katika daftari.

Umbali: chungwa na uzi

Sasa tuanze na umbali. Kutoka Nairobi hadi New York, kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ni karibu kilomita 11,800. Umbali huo hupimwaje, na katikati kuna jangwa na bahari?

Mkitazama ramani ya ukutani, mtadhani njia fupi ni mstari ulionyooka kwa rula kutoka mji mmoja hadi mwingine. Sivyo. Ramani ni karatasi bapa, lakini dunia ni mviringo. Chukueni chungwa. Tieni alama moja katikati ya chungwa, upande wa kulia. Hiyo ni Nairobi, ambayo iko karibu na mstari wa Ikweta. Tieni alama ya pili juu zaidi, upande wa kushoto. Hiyo ni New York. Sasa wekeni ncha moja ya uzi juu ya Nairobi na ncha ya pili juu ya New York, kisha mvute uzi mpaka ukaze. Mtaona uzi hupanda kwanza kuelekea kaskazini, kisha hujipinda kuelekea magharibi. Hiyo ndiyo njia fupi.

Juu ya dunia yenyewe, uzi huo ungepita juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco, kisha ungeingia bahari ya Atlantiki. Karibu na mwisho wake ungekuwa kaskazini kidogo kuliko New York yenyewe, halafu ungeteremka kuufikia mji. Rubani hafuati uzi huo hatua kwa hatua. Hali ya hewa, vita na ruhusa za nchi anazopita humfanya azunguke hapa na pale. Lakini uzi ndio kipimo cha kuanzia.

Mwendo: hesabu ya kugawanya

Ndege kubwa ya abiria, ikiisha kupanda juu, huenda kama kilomita 900 kwa muda wa saa moja. Basi tufanye hesabu tuliyojifunza: umbali ugawanywe kwa mwendo.

11,800 ÷ 900 = 13 na kidogo.

Yaani hesabu yatuambia kwamba safari ni ya muda wa saa 13 na dakika chache. Lakini shirika la ndege la Kenya Airways lilipoanza safari ya kwenda New York bila kutua njiani, tarehe 28 Oktoba 2018, lilitangaza kwamba kwenda ni muda wa saa 15, na kurudi ni muda wa saa 14. Je, hesabu yetu ilikosea?

Haikukosea, ila haikuhesabu kila kitu. Kwanza, ndege hutambaa polepole uwanjani kabla ya kuruka. Pili, inapopanda na inaposhuka haina mwendo wake kamili. Tatu, njia yake huzunguka kidogo, kama tulivyosema. Mambo hayo matatu huongeza muda. Lakini mbona kwenda kuwe kurefu kuliko kurudi, na njia ni hiyo hiyo? Hapo yuko mwingine wa kuhesabiwa, naye ni upepo.

Upepo wa juu

Ndege huruka kilomita 10 hadi 12 juu ya ardhi. Huko juu, katika nchi za kaskazini, kuna mkondo wa upepo wenye nguvu utokao magharibi kwenda mashariki. Mara nyingine mwendo wake hupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York hukutana nao uso kwa uso. Anayerudi Nairobi husukumwa nao mgongoni.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme katika safari yote kuna kipande cha kilomita 4,000 chenye upepo wa kilomita 100 kwa saa.

Wakati wa kwenda: 900 − 100 = 800. Kisha 4,000 ÷ 800 = muda wa saa 5.

Wakati wa kurudi: 900 + 100 = 1,000. Kisha 4,000 ÷ 1,000 = muda wa saa 4.

Mmeona? Kipande ni kile kile, ndege ni ile ile, lakini upepo umeleta tofauti ya saa nzima. Kwa sababu upepo hubadilika siku kwa siku, ndege ya leo yaweza kufika mapema kuliko ya jana, na hakuna aliyefanya kosa.

Manahodha wa pwani yetu waliijua hesabu hii zamani. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Nahodha aliingoja pepo yake hata miezi. Rubani haingoji, huipasua iliyo mbele yake, lakini huilipa kwa wakati na kwa mafuta.

Jua halichomozi kila mahali kwa wakati mmoja

Sasa tumefika mahali penye utata mkubwa kuliko wote. Dunia hujizungusha mara moja kwa muda wa saa 24. Kwa hiyo jua huwafikia watu wa mashariki kwanza, na watu wa magharibi baadaye. Watu wa Nairobi wanapokuwa wamekwisha kunywa chai ya asubuhi na kwenda kazini, watu wa New York wamo katika usingizi. Kila nchi hupanga saa zake kwa kufuata jua lake.

Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 katika miezi ya baridi ya Marekani, kama vile Desemba na Januari. Ikiwa Nairobi ni 20:00 usiku, New York ni 12:00 mchana wa siku ile ile. Lakini Wamarekani wengi husogeza saa zao mbele kwa saa moja kuanzia Jumapili ya pili ya mwezi wa Machi, wakazirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi wa Afrika Mashariki hatusogezi. Basi katika miezi hiyo ya kati tofauti huwa saa 7, si 8.

Andikeni: Desemba, saa 8. Julai, saa 7.

Kusoma tiketi

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: saa ya kuondoka iliyoandikwa katika tiketi ni saa ya mji wa kuondokea, na saa ya kufika ni saa ya mji wa kufikia. Ni saa za miji miwili. Ukitoa moja katika nyingine kabla ya kuzilinganisha, umetoa maembe katika machungwa.

Tutazame mfano. Tuseme tiketi ya mwezi wa Desemba imeandikwa hivi:

Kuondoka Nairobi: Jumatatu 23:30.
Kufika New York: Jumanne 06:30.

Mtu asiye na habari atahesabu kutoka 23:30 hadi 06:30, apate muda wa saa 7. Mama aliyemsindikiza mwanawe, asubuhi akiamka atadhani amekwisha kufika. Atapiga simu, haipatikani. Atapiga tena hadi mchana, na moyo utamwenda mbio bure, kumbe mwanawe yuko juu ya bahari na salama.

Hesabu ya kweli ni hii. Geuzeni kwanza saa ya kufika iwe saa ya Nairobi: 06:30 jumlisha 8 ni 14:30. Yaani ndege hutua Jumanne saa nane na nusu mchana kwa saa za Nairobi. Sasa hesabuni muda. Kutoka 23:30 hadi usiku wa manane ni nusu saa. Kutoka hapo hadi 14:30 ni saa 14 na nusu. Jumla ni muda wa saa 15.

Sasa tumrudishe msafiri wetu nyumbani:

Kuondoka New York: Jumatano 12:30.
Kufika Nairobi: Alhamisi 10:30.

Asiye na habari atahesabu muda wa saa 22, atashangaa kwa nini kurudi kuwe kurefu mara tatu kuliko kwenda. Sisi tutageuza saa ya kuondoka: 12:30 jumlisha 8 ni 20:30 ya Nairobi. Kutoka 20:30 hadi usiku wa manane ni saa 3 na nusu. Kutoka hapo hadi 10:30 ni saa 10 na nusu. Jumla ni muda wa saa 14.

Tuihakikishe kazi yetu. Hesabu isiyo sahihi ilitupa 7 na 22, jumla 29. Hesabu sahihi imetupa 15 na 14, jumla 29. Zile saa 8 zilizofichika wakati wa kwenda zilijitokeza wakati wa kurudi. Wakati haukupotea wala haukuongezeka. Ni saa za ukutani tu zilizobadilika.

Kutua njiani

Si kila msafiri hupata ndege isiyotua. Wengi hubadili ndege katika mji wa katikati. Tuchukue mfano wa London. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800, na London hadi New York ni kama kilomita 5,500. Jumla ni 12,300. Kwa umbali, umeongeza kilomita 500 tu juu ya njia fupi. Ni kidogo.

Lakini tazameni muda. Kwenda London ni kama saa 9, kutoka London kwenda New York ni kama saa 8, na tuseme katikati utangoja ndege nyingine kwa saa 4. Jumla ni muda wa saa 21. Umbali umeongezeka kidogo, muda umeongezeka sana. Kwa hiyo anayenunua tiketi asiulize bei peke yake. Aulize pia, "Nitangoja wapi, na kwa muda gani?"

Mambo ya zamani yaonyesha jambo hilo hilo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti iliyochukua abiria wenye kulipa nauli iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima ikachukua karibu usiku na mchana mzima. Leo ndege isiyotua huimaliza safari hiyo kwa muda wa saa 11 hivi. Miji haikusogeleana. Ndege za leo zina mwendo zaidi, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya wakati uliookolewa ni wa kule kutua, kujaza mafuta na kuruka upya.

Usiku wa kuamkia

Sasa jambo la mwisho, nalo ndilo linalowakosesha watu ndege. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kutoka 00:00 hadi 23:59. Sisi katika Kiswahili twahesabu kwa kufuata jua: saa moja asubuhi, saa moja usiku. Kugeuza si kazi ngumu. Andikeni:

Kutoka 00:00 hadi 06:59, ongeza 6.
Kutoka 07:00 hadi 18:59, toa 6.
Kutoka 19:00 hadi 23:59, toa 18.

Hivyo 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi, na 23:30 ni saa tano na nusu usiku.

Hatari iko katika tarehe. Tiketi hubadili tarehe saa sita ya usiku, watu wakiwa wamelala. Tuseme tiketi imeandikwa Jumanne tarehe 12, 00:30. Hiyo ni saa sita na nusu usiku. Usiku upi? Wengi wetu tukiambiwa "Jumanne usiku", tutafanya kazi zetu Jumanne mchana kutwa, tule, ndipo tuende uwanjani. Tumechelewa! Ndege imeondoka dakika 30 baada ya Jumatatu kumalizika. Ilitupasa kuwa uwanjani Jumatatu jioni, tarehe 11.

Hata neno "usiku wa Jumanne" halitoshi. Kwa desturi ya zamani ya pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku wa Jumanne ni ule unaoitangulia Jumanne. Kwa watu wengine ni ule unaoifuata. Lakini Kiswahili kimetupa maneno yasiyo na shaka: "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne." Mkimwagiza mtu au mkipokea habari ya safari, tumieni maneno hayo. Hapo hakuna atakayeuliza usiku upi.

Maneno ya somo

Muda: urefu wa wakati tangu mwanzo hadi mwisho wa jambo.
Umbali: urefu wa njia kati ya mahali pawili.
Mwendo: umbali unaokwenda kwa muda wa saa moja.
Mkondo wa upepo: upepo uendao upande mmoja kama mto.
Kuamkia: kuelekea asubuhi ya siku fulani.

Zoezi

1. Zigeuzeni saa hizi za tiketi ziwe saa za Kiswahili: 21:15, 02:40, 17:05.

2. Tiketi ya Julai yasema: kuondoka Nairobi 23:30, kufika New York 07:30 asubuhi ya siku ya pili. Safari ni ya muda gani?

3. Mgeni wenu atatua Nairobi tarehe 5 saa 00:20. Kutoka kijijini hadi uwanjani ni mwendo wa saa 4 kwa gari. Mtaondoka kijijini tarehe ngapi, na kabla ya saa ngapi?

Majibu

1. Saa tatu na robo usiku. Saa nane na dakika arobaini usiku. Saa kumi na moja na dakika tano jioni.

2. Julai tofauti ni saa 7. Basi 07:30 jumlisha 7 ni 14:30 ya Nairobi. Kutoka 23:30 hadi 14:30 ni muda wa saa 15.

3. Mtaondoka tarehe 4, kabla ya saa mbili na dakika ishirini usiku. Mwenye busara ataondoka mapema zaidi, maana gari nalo huweza kupata pancha njiani.

Aliyekosa swali la tatu asione haya. Alisome tena polepole, kisha amfundishe mwenzake, kwa kuwa anayefundisha hujifunza mara mbili. Na nyumbani kwenu ikiwa kuna tiketi ya zamani au ujumbe wa safari ulio katika simu, uleteni darasani juma lijalo mkaufanyie hesabu pamoja.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.